Sikio la Fundi Songoro

Mafundi sita walikuwa wamepita Ukumbi wa Kiloleni kabla ya Nyamizi Kapaya, na kila mmoja aliacha kitu kipya nyuma yake. Wa kwanza alibadilisha nyaya zote. Wa pili alichimba shimo nyuma ya jiko, akafukia waya mpya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, na kuumwagia maji ya chumvi kama mafundi wa kale. Watatu waliofuata walibadilisha spika, kila mmoja akimcheka aliyemtangulia. Wa sita, kijana wa Mwanza mwenye vyeti vingi kuliko vifaa, akasema kosa ni la bati. Basi paa likaezekwa upya, na Jumapili iliyofuata ukumbi ukalia vilevile.

"Unalia vipi hasa?" Nyamizi aliuliza. Alikuwa ameshuka kwenye treni ya sumaku kutoka Dodoma asubuhi hiyo, na begi la kazi lilikuwa bado begani.

"Unachoma, dada," alisema Bi Chausiku, meneja wa ukumbi, mwanamke mfupi aliyetembea kana kwamba kila mara amechelewa. "Matoazi yakigongwa, ni kama mtu kaangusha sufuria kando ya sikio lako. Mwimbaji akisogea hatua moja, maiki inapiga mluzi. Watu wanakuja kucheza na pamba masikioni, hebu fikiria. Miaka ile tulikuwa tunafunga mlango kwa kujaa. Jumapili iliyopita walikuja themanini, na hamsini wakakaa uani."

"Na fundi Songoro pale kwenye miksa anasemaje?"

"Anasema sauti iko sawasawa. Anasema watu wa siku hizi hawana masikio." Bi Chausiku akatazama saa ya ukutani. "Dansi linaanza saa tisa. Wenye ukumbi wameniambia leo ndiyo mwisho. Sauti isipotengemaa leo, miksa ya Songoro ya kuchanganyia sauti inatolewa, na kesho inaletwa mashine."

Nyamizi hakuhitaji kuelezwa ni mashine gani. Huko Dodoma zilikuwa katika kila ukumbi: sanduku jeupe lisilo na mtu, linalojipangia sauti lenyewe, likawafanya mwimbaji wa Tunduru na wa Tarime wasikike kama waliozaliwa tumbo moja. Alikula mkate wake kwa kuzitengeneza. Hazikuwa na kosa lolote, ila hakuwahi kumwona mtu akitoka ukumbini akiwasimulia wenzake alichokisikia.

Alipousukuma mlango wa ndani, harufu ya nta ya sakafu ilimsimamisha. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoingia humu mara ya kwanza. Alilala miaka mitano katika nyumba ya bendi, akimenya mihogo na wapiga tarumbeta na kusafisha vitelezi vya miksa, vile vishikio vya kupandisha na kushusha sauti, kwa brashi ya manyoya ya mbuzi. Siku hizo alidhani dunia nzima inaishi hivyo: wiki nzima mazoezi, na Jumapili mchana akina mama wa mtaa wa Ng'ambo wanakuja kwenye bugi, dansi la mchana, wamepiga pasi mpaka vitambaa vya kichwani. Aliukumbuka ukumbi huu kuliko alivyoikumbuka nyumba ya mama yake, na jambo hilo lilimtia aibu kidogo hata sasa.

Fundi Songoro alikuwa pale pale alipomwacha, nyuma ya miksa yake ya mbao za mninga, shati limenyooka, kikombe cha chai ya asali mkononi. Alikuwa na miaka sabini, na maringo ya mtu wa thelathini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umenenepa."

"Dodoma kuna chapati."

"Na kazi hakuna, ndiyo maana wamekuleta unichunguze." Akacheka, lakini macho yake yalikuwa midomoni mwa Nyamizi. "Haya, chunguza. Wenzako sita wamechunguza mpaka paa."

Miksa ile ilikuwa ya kizazi cha sikio. Miaka arobaini na moja nyuma, watu walipochoshwa na sauti zisizo na mtu, kiwanda kimoja ambacho kimeshakufa kilitengeneza miksa mia mbili na kukabidhi kila moja kwa fundi mmoja. Fundi aliwekewa punje nyuma ya sikio, ndogo kama ya ulezi, na kupitia punje hiyo miksa ikajifunza kusikia kama anavyosikia yeye. Mafundi waliita jambo hilo kufunga ndoa. Baada ya hapo mkono wa fundi ulipandisha na kushusha, na miksa ikamalizia yale madogo yasiyoshikika kwa kidole, mpaka ukumbi mzima usikie kile alichokitaka. Nchi nzima sasa zilikuwa zimebaki tatu. Kwa hii ya Songoro, watu waliwahi kutoka Kigoma na Shinyanga kuja kusikia tu jinsi besi inavyokaa chini ya tarumbeta bila kuikanyaga.

Nyamizi alivua viatu, akapiga magoti, akaanza kazi kama alivyofundishwa na huyu huyu aliyekuwa akinywa chai juu yake. Njia ya sauti ni ndefu, na asiye na mpango huikimbilia ncha yoyote anayoiona. Fundi huikata njia katikati, akaangalia kosa limelala upande gani, kisha upande huo nao akaukata tena.

Alichomoa waya unaotoka kwenye miksa, akachomeka mahali pake kidude chake cha kutoa mlio, kisha akautuma mlio moja kwa moja kwenye amplifaya. Spika zote nane zikautoa laini, bila kuchoma. Basi amplifaya ilikuwa nzima, spika zilikuwa nzima, na bati la watu lilikuwa limeng'olewa bure. Akahamia upande wa pili. Aliimba kidogo kwenye kila maiki huku akitazama mishale ya miksa, nayo ikacheza kwa adabu, hakuna ulioruka mpaka kwenye nyekundu. Akasikiliza mvumo wa ethi, hakuna. Akatikisa kila plagi kutafuta mkwaruzo, hakuna. Kisha akaurudisha waya wa miksa, akabadilisha njia: maiki ya kwanza akaipeleka ya tisa, ya tisa akaileta ya kwanza. Kosa la waya huhama pamoja na waya, na kosa la njia hubaki kwenye njia. Ule ukali haukuhama wala haukubaki. Ulikuwa kila mahali, sawasawa, kama chumvi iliyozidi kwenye mchuzi.

Akakaa chini sakafuni, akafuta jasho. Kilichokuwa kimebaki katikati ni sikio lenyewe.

Hapo ndipo wenzake sita walipogeuzia njia, na hakuwalaumu. Sikio la miksa lilikaa kwenye droo ndogo chini ya mkono wa kulia, na droo hiyo haikufunguliwa fundi wake akiwa hai. Ilifunguliwa siku ya arobaini ya msiba, na mrithi wake, mbele ya bendi. Kumwambia fundi aliye hai afungue sikio lake kulikuwa sawa na kumwambia baba mkwe avue shati akaguliwe. Kwa hiyo mafundi sita, watu wazima wenye akili zao, waliizunguka droo ile na kubadilisha kila kitu kingine mpaka wakaishia juu ya paa.

Nyamizi alisimama. Kabla ya kumvunjia mtu heshima, alitaka awe na hakika. Akaenda nyuma ya kiti cha Songoro, hatua tatu, akakishika kidude chake kiganjani bila kukiunganisha na kitu chochote.

Aliubonyeza mlio wa mitetemo elfu moja kwa sekunde.

"Huo uko wazi," alisema Songoro bila kugeuka.

Akabonyeza wa elfu mbili. "Huo pia." Wa elfu nne ukamfanya mzee ainamishe kichwa upande, kama mtu anayeitwa kutoka chumba kingine, na hakusema kitu. Akapanda hadi elfu nane, akaacha kidole hapo. Mlio ulitoka mwembamba na mkali, ukajaa ukumbi. Kule mlangoni Bi Chausiku alikunja uso, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Songoro aliongeza asali kwenye chai yake na kukoroga taratibu.

"Ukimaliza kuchezea hicho kidude," alisema, "kaa unywe chai."

Nyamizi aliachia kidole. Moyo ulimuuma waziwazi, mahali anapoweza kupaonyesha kwa mkono. Miksa haikuwa na kosa hata kidogo. Mzee alikuwa amepoteza sauti za juu, moja baada ya nyingine, na miksa kila sauti aliyoipoteza iliisukuma juu zaidi mpaka aisikie tena. Ilikuwa ikifanya kile ilichotengenezewa, na ilikuwa imemficha mtu wake hata kwake mwenyewe. Hata aliposhuka kutembea katikati ya wachezaji alisikia vizuri, kwa sababu ukumbi mzima ulikuwa umepikwa kwa ajili ya masikio yake.

*

Uani, karibu na kreti za soda, Bi Chausiku alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akatoa kitita cha funguo na kuuonyesha mmoja mwekundu.

"Huu ni wa talaka," alisema. "Nikiugeuza, miksa inamsahau. Miaka yote inafutika, inabaki mbao na taa. Nilipewa siku nilipoanza kazi, na sikuwahi kuugusa."

"Bi Chausiku."

"Nisikilize. Tunamwambia imekufa yenyewe kwa uzee. Kitu cha miaka arobaini na moja, nani atashangaa? Tunamfanyia sherehe, bendi inampigia, anakwenda nyumbani na heshima yake mkononi. Kesho mashine inaingia na ukumbi unaishi. Hakuna aliyeumia."

"Na kama nikiweka kichujio mbele ya spika, nikate huo ukali?" Nyamizi alijiuliza kwa sauti, halafu akajijibu. "Haifai. Mzee hatasikia, miksa itajua kwamba hasikii, itasukuma zaidi. Vitagombana mpaka spika zipasuke."

"Umeona sasa."

"Kuna njia nyingine. Miksa hizi kila mwisho wa mwaka huweka nakala ya sikio. Zimo arobaini na moja mle ndani, zimezungukana kama pete kwenye gogo. Naweza kuirudisha kwenye mwaka ambao alikuwa bado anasikia. Lakini akiwa hai droo haifunguki ila kwa kidole gumba chake. Kwa hiyo lazima ajue."

"Umwambie mzee wa watu, saa mbili kabla ya dansi, kwamba ni kiziwi."

"Si kiziwi. Amepoteza sauti za juu."

"Utamwambia hivyo, na wewe mwenyewe utasikia linavyotoka. Kazi hii ndiyo aliyonayo. Mkewe alikufa, watoto wako mbali, wenzake wa bendi wamebaki wawili. Kuna ukweli mwingine ni ukatili tu, dada, hata ukiusema kwa upole."

Nyamizi alikaa juu ya kreti na kutamani kazi hii angepangiwa mtu mwingine. Talaka ingemwacha Songoro na sifa zake zote, na ingekuwa uongo wenye huruma kuliko ukweli mwingi aliowahi kuusikia. Lakini ingeondoka pia ile sauti ya Jumapili za ujana wake, na kwa hiyo hakuweza kujiamini. Je, alitaka kumwambia mzee ukweli kwa ajili ya mzee, au alitaka tu kuisikia ile besi mara moja tena? Aliligeuza swali hilo huku na huku, na kila alivyoligeuza alijikuta yumo ndani yake.

Kitu kilichomwinua ni kidogo. Alikumbuka kwamba mafundi sita walikuwa wamemheshimu Songoro miaka kadhaa mfululizo, na ni heshima hiyo iliyoumaliza ukumbi. Hakutaka kuwa wa saba.

*

"Fundi," alisema, amesimama mbele yake ili amwone midomo. "Fungua sikio."

Songoro aliweka kikombe chini. "Kwani nimekufa?"

"Bado."

"Basi unatafuta nini humo?"

"Nimepiga mlio wa elfu nane nyuma ya kiti chako, muda mrefu. Bi Chausiku aliziba masikio. Wewe ulikuwa unakoroga chai."

Uso wa mzee ulijifunga. "Mimi ndiye niliyekufundisha kushika brashi."

"Ndiyo, fundi."

"Ulikuwa hujui hata waya unaanzia wapi."

"Ndiyo."

Songoro akanyoosha mkono kuelekea kile kidude. "Piga tena."

Nyamizi alibonyeza. Bi Chausiku, aliyekuwa amewafuata mpaka mlangoni, alijitahidi kuiacha mikono yake chini, lakini macho yalijifumba yenyewe. Songoro alimtazama meneja, akakitazama kidole cha Nyamizi kilivyogeuka cheupe kwa kubonyeza.

"Unapiga?"

"Napiga."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, fundi."

Mzee aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayehesabu. Akatoa leso, akafuta ubao wa mninga ambao haukuwa na vumbi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema mwishowe. "Nilianza kuwaona ndege kabla ya mvua bila kuwasikia. Nikasema mwaka huu ndege wamekuwa wapole." Akaweka kidole gumba kwenye droo, nayo ikafunguka kwa ulaini uliowashangaza wote wawili.

Ndani mlikuwa na kioo kidogo, na kwenye kioo mistari arobaini na moja, mmoja wa kila mwaka. Nyamizi alimsomea. Ile ya mwanzo ilikwenda sawa toka upande hadi upande. Kuanzia wa thelathini na nne mwisho wake ulianza kuinama, na wa mwaka huu ulianguka kama mtu aliyekosa ngazi.

"Miaka minane nawapigia watu sufuria," alisema Songoro. "Na hakuna hata mmoja aliyeniambia."

"Walikuheshimu."

"Ndiyo ubaya wao huo."

Nyamizi akamweleza kilichobaki, akalisema lote kwa sababu nusu ya habari ile ingekuwa mbaya kuliko yote. Sikio lingeweza kurudishwa nyuma, lakini likisharudi halitamfuata tena. Miaka ya baadaye itafutika. Ukumbi utasikia vizuri, na yeye, kwenye kiti hicho hicho, atasikia muziki kama mtu aliyejifunika blanketi gubigubi. Au Bi Chausiku atageuza ufunguo mwekundu, na yaishe. Au aondoke akiwa hai, na sikio lake amwachie mrithi.

"Wa kwanza ndio safi kuliko yote," aliongeza. "Ulikuwa na miaka ishirini na tisa."

Songoro alitikisa kichwa. "Huyo alikuwa na masikio, hakuwa anasikiliza. Alipenda gitaa peke yake, kwa kuwa mpiga gitaa alikuwa rafiki yake." Akafikiri, na uso ukamlainika. "Wa thelathini na tatu. Mwaka ule Mhoja alikuwa bado anapuliza tarumbeta, na mke wangu alikuwa akikaa meza ile ya nguzo. Nikimwona anagonga kikombe kwa kidole, nilijua besi imekaa. Weka hapo."

"Hii minane itapotea."

"Ipotee. Haikuwa miaka ya kusikiliza." Akakandamiza kidole gumba kwenye mstari wa thelathini na tatu, akakiacha hapo mpaka taa ikageuka kijani.

*

Saa tisa walikuja tisini na kitu, wengine na pamba zao tayari. Bendi ilipoanza, Nyamizi alikuwa amesimama kando ya kiti cha Songoro, na kwa muda alisahau kazi. Besi ilikaa chini ya tarumbeta bila kuikanyaga. Matoazi yalikuwa mbali na laini, kama mchanga unaopepetwa. Bibi mmoja wa meza ya mbele alitoa pamba sikio moja, akasubiri, akatoa ya pili, akamvuta mumewe mkono. Waliokuwa uani wakaanza kuchungulia mlangoni, na baada ya wimbo wa pili hakukuwa na mtu uani. Machozi yalimtoka Nyamizi, naye hakuyafuta, maana kila mtu alikuwa ameipa miksa mgongo.

Songoro alikaa wima, mikono juu ya vitelezi, akitazama jukwaa. Hakuuliza kitu mpaka Bi Mwamvua alipopanda. Huyo ndiye mwimbaji wa bendi tangu siku ya kwanza, naye alikuwa na miaka sitini na nane.

"Anaimba kama zamani?" aliuliza Songoro.

Nyamizi alisikiliza. Ule ukali wa miaka minane ulikuwa umemfunika Bi Mwamvua pia, na sasa alikuwa wazi mbele ya watu. Sauti ilitetemeka, na pumzi haikufika mwisho wa mstari. Kusema ndiyo kungekuwa rahisi, na mzee asingejua maisha yake yote.

"Hapana, fundi," alimwambia karibu na sikio. "Amezeeka. Mwisho wa mstari unamkatikia."

Songoro akacheka, kicheko cha tumbo, cha kwanza tangu asubuhi. "Basi tuko wawili."

Akasogea mbele na kukaza macho kwenye shingo ya Bi Mwamvua. Mstari uliofuata ulipoanza, alisubiri. Mshipa wa shingo ulipovimba na bega la mwimbaji likainuka kutafuta pumzi, alikisukuma kitelezi chake juu kwa upana wa ukucha, akakishikilia, akakirudisha. Neno la mwisho likatoka zima, likaenda mpaka ukuta wa nyuma.

"Limefika?" aliuliza.

"Limefika, fundi."

Akarudisha kidole kwenye kitelezi, akangoja mstari unaofuata.